Ushahidi wa Mtunzi kwa Mtunzi: Mhadhara juu ya Tamthilia Fupi za Kiswahili



Nimepewa fadhila ya kunena mbele yenu mintarafu ya sanaa ya tamthilia, na aghalabu mtunzi akialikwa kunena hunena juu ya kazi zake mwenyewe. Lakini mimi nimeazimia jioni hii nisizitaje zangu hata moja, ila niwapendekezee za wenzangu, hususan zile fupi, ambazo huchezeka kwa muda wa saa moja hivi, kwa watu wachache, mahali popote penye nafasi ya kusimama mchezaji na nafasi ya kuketi mtazamaji. Hoja yangu ni moja, nayo ndiyo itakayoyaunganisha maneno yangu yote: kwamba tamthilia haipati uhai kwa kupigwa chapa, huupata kwa kuchezwa, na kwamba ushahidi wa mtunzi juu ya kazi ya mtunzi mwenziwe, ukitolewa kwa insafu, ni njia iliyo karibu sana ya kuitoa tamthilia kitabuni na kuifikisha jukwaani.

Washairi wetu wa pwani wametutangulia zamani katika jambo hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yangaliweza kupotea pamoja na vizazi vilivyoyasikia kwa masikio yao, lau si juhudi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye naye alikuwa mshairi, aliyeyakusanya na kuyafafanua hata yakaandikwa na kubakia. Na ni dhahiri kwamba kazi ile ilimhitaji mtu mwenye kujua mizani na vina kwa kuvitenda mwenyewe, kwa sababu mtunzi huona katika kazi ya mtunzi mwingine mambo ambayo msomaji wa kawaida, ajapokuwa hodari, huyapita. Shaaban Robert kadhalika, alipokuwa amekwisha kupata jina la kumtosha, hakuona taksiri yoyote kuitumia kalamu yake kwa ajili ya fani isiyokuwa yake, akatuandikia Wasifu wa Siti binti Saad, ili sauti ya mwimbaji yule wa Unguja ishuhudiwe na mtu mwenye kuijua thamani ya neno. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, liliwapa washairi wa Tanganyika uwanja wa kusalimiana, kujibizana, kusifiana na kusahihishana, hata msomaji akawajua wengi wao kwa jinsi walivyotajana.

Sisi watunzi wa tamthilia hatukuirithi ada hiyo kwa ukamilifu wake, na sababu yake si choyo wala husuda, ijapokuwa husuda haikosekani penye sanaa yoyote. Sababu kubwa ni kwamba tamthilia ya Kiswahili imefika kwa watu wetu kupitia mlango wa shule: huchaguliwa kuwa kitabu cha mtihani, ikasomwa kwa miaka kadhaa na maelfu ya wanafunzi, ikachambuliwa dhamira yake, maudhui yake, wahusika wake na matumizi yake ya lugha, kisha muhula wake ukiisha ikaondolewa katika orodha na kupumzishwa rafuni, na huenda katika maelfu wale wote asipatikane hata mmoja aliyewahi kumwona mtu aliye hai akiyatamka maneno yake. Mwanafunzi huyo ameijua tamthilia kama mtu anayeijua ngoma kwa kusimuliwa. Walimu hawalaumiki kwa hili, maana wao wameamrishwa kufundisha na kutahini. Ila sisi tunaoandika tunalaumika, kwa sababu tunajua fika kwamba maelekezo ya jukwaani yaliyoandikwa kwa maneno matatu yaweza kuwa na uzito kuliko ukurasa mzima wa majibizano, na tukijua hivyo tumenyamaza.

Kabla sijazitaja kazi zenyewe, nawaomba mniruhusu niseme machache juu ya ufupi. Wako wadhaniao kwamba tamthilia fupi ni tamthilia ndefu iliyokosa pumzi, au ni zoezi la mwanafunzi anayejiandaa kwa kazi ya kweli, na dhana hiyo ni batili. Kwani mashua si jahazi lililopunguzwa mbao, bali imeundwa tangu mwanzo kwa maji yake na kwa safari yake. Tamthilia fupi hukamata jambo moja katika saa ya kugeuka kwake, saa ambayo kabla yake mambo yangaliweza kuwa mengine na baada yake hayawezi tena, na kwa hiyo mtunzi hana fursa ya kutueleza nasaba ya kila mhusika wala historia ya kijiji. Sharti nasaba ionekane katika namna mtu anavyomwamkia mwenziwe, na historia ionekane katika kile ambacho watu wawili wanakiepuka katika mazungumzo yao. Adabu hii ni ngumu. Fauka ya hayo, ufupi una rehema kwa wachezaji wetu, ambao wengi wao hufanya kazi mchana na hukutana jioni, hawana jumba la maonyesho, hawana mitambo ya taa, wala hawana fedha za kushona mavazi ya watu thelathini.

Tena ufupi huo ndio uliokuwa kitanda cha kuzaliwa kwa tamthilia yetu iliyoandikwa. Katika miaka ya 1950, katika shule ya Alliance huko Kikuyu nchini Kenya, vijana walitunga na kucheza michezo ya Kiswahili mbele ya wenzao, na mmoja wao, Henry Kuria, aliandika Nakupenda Lakini, mchezo uliochapwa mwaka 1957. Mwalimu Graham Hyslop naye akaandika Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu katika kipindi hicho hicho. Ilikuwa michezo ya kuchekesha na kuonya, yenye watu wachache na vifaa vichache, na mtu akiisoma leo ataona mapungufu yake. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo nyingi katika kazi zetu zilizofuata zimelikosa, nalo ni kwamba iliandikwa na watu waliojua nani ataicheza na mbele ya nani.

Sasa nazitaja kazi zenyewe, nami nitaanza na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ambaye kwa jina lake watu wengi huikumbuka Kinjeketile ya mwaka 1969 kisha wakaishia hapo. Mimi nawaelekeza katika kazi zake za ujana, Wakati Ukuta na Alikiona. Wakati Ukuta yaanza na jambo dogo lisilokuwa na fahari yoyote: binti anataka kwenda sinema na kijana, na mama hataki. Katika mikono ya mtunzi dhaifu jambo hili lingekuwa wasia kwa wasichana au lawama kwa wazee. Lakini Hussein amempa mama haki yake yote na binti haki yake yote, hata mtazamaji aliyekuja akiwa upande wa mmoja hujikuta, kabla ya nusu ya mchezo, amevutwa na hoja za mwingine. Maneno yenyewe ni ya nyumba za Dar es Salaam, ya watu wanaosema upesi na kukatizana, na mchezaji akiyatamka kwa mwendo wake wa asili atagundua kwamba mwandishi amekwisha kumwekea pumzi mahali pake. Naipendekeza kwa kikundi chochote kinachoanza, kwa sababu haidai kifaa ila viti na mlango, na kwa sababu hakuna mtaa katika nchi zetu ambao ugomvi ule haujatokea wiki hii.

Kwa mchezaji aliye peke yake, na wako wengi walio peke yao, ninapendekeza Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizochapwa pamoja mwaka 1976. Humo Hussein ameiacha ada ya kuwagawia watu wengi majibizano, akairudia ada iliyo kongwe kuliko jumba lolote la maonyesho, ada ya mtambaji wa ngano, ambaye kwa sauti moja na mwili mmoja huwa mfalme, huwa joka, huwa umma unaoshangilia. Ngao ya Jadi yatusimulia habari za joka Sesota lililoitesa nchi, na za ushindi ambao watu waliusherehekea pasina kuuliza kama kazi imekwisha. Na swali hilo, lililoandikwa kwa ajili ya nchi zilizotoka punde katika ukoloni, halijapoteza makali yake hata kidogo. Kazi hizi ni ngumu kuzisoma kimya kimya, nami nimewasikia wasomaji wakizilalamikia kwamba ni fumbo juu ya fumbo. Nawajibu kwamba zisomeke kwa sauti, mbele ya watu, na msomaji asikilize ni wapi mapigo ya maneno yanambadilikia. Hapo mafumbo mengi yatafunguka, kwa maana yalitungwa kwa ajili ya sikio.

Wa pili ni Edwin Semzaba, na kazi yake ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Wanafunzi wa Tanzania wanaijua hii kwa mitihani, na ndiyo sababu nataka kuiombea uhai mwingine. Ngoswe ni karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuwahesabu watu, akapokewa nyumbani kwa balozi, Mzee Mitomingi, na badala ya kuihesabu nyumba ile akaanza kumtamani Mazoea, binti wa mwenyeji wake. Mwisho wake karatasi za sensa zinateketea, na kazi ya serikali inapotea pamoja na heshima ya mgeni. Tazameni jinsi mtunzi alivyochagua kitu kimoja cha kushikika, yaani karatasi, na kukibebesha mchezo mzima: karatasi hizo ni amana ya taifa, ni kisingizio cha kijana kubakia penye binti, na ni kitu ambacho baba mwenye ghadhabu anaweza kukitia moto kwa sababu hawezi kulitia moto jambo lenyewe lililomuumiza. Kikundi kitakachoicheza kisikimbilie kumfanya Ngoswe mlaghai tangu mwanzo. Kimcheze kijana mwerevu, mwenye adabu, aliyeamini kwamba kuchelewa siku moja si kitu, na mtazamaji ataondoka akijikagua nafsi yake badala ya kumcheka mwenziwe.

Wa tatu ni Penina Muhando, ambaye siku hizi wengi humjua kwa jina la Penina Mlama. Hatia, ya mwaka 1972, ni fupi na kali. Yamweka mbele yetu msichana aliyepata mimba, na jamii ambayo kila mmoja ndani yake yuko tayari kuamua nani abebe lawama kabla ya kujiuliza yeye mwenyewe alifanya nini. Nguzo Mama, ya mwaka 1982, ni ndefu kidogo kuliko kiasi nilichokitaja, ila siwezi kuiacha. Wanawake wa Patata wanataka kuisimamisha nguzo, na kila wajaribupo wanavutwa na dhiki za nyumbani, na waume, na ugomvi wa wao kwa wao, ilhali Bi Msimulizi anatuongoza kwa maneno yaliyo nusu wimbo. Nguzo ile ipo mbele ya macho yetu muda wote, na mtazamaji hahitaji kuambiwa maana yake, kwa sababu anaiona haisimami na anaona kwa nini. Muhando ametufundisha sisi wengine kwamba hoja ya jamii ikiwa nzito, haifai kuachiwa midomo ya wahusika peke yake. Ipewe umbo, uzito na mahali jukwaani, ili miili ya wachezaji ihangaike nayo.

Said Ahmed Mohamed, mwana wa Unguja, anajulikana zaidi kwa riwaya, lakini nawasihi muitazame Amezidi ya mwaka 1995, ambayo mzigo wake mkubwa unachukuliwa na watu wawili, Ame na Zidi, wanaoishi pangoni katika ufukara huku wakiota utajiri. Majibizano yao yanazunguka, yanarudi, yanajipinga, na mcheko wake unageuka uchungu pasipo mtazamaji kujua ni neno gani lililougeuza. Ni kazi inayodai wachezaji wawili walioaminiana sana, na kikundi kisichokuwa nao kisiharakie.

Nisingependa mdhani kwamba mwenzangu ni yule tu aliyeandika kwa Kiswahili tangu mwanzo. Wole Soyinka wa Nigeria aliandika mwaka 1960 mchezo mfupi wa kuchekesha ambao sisi tunao kwa lugha yetu kwa jina la Masaibu ya Ndugu Jero, habari za nabii wa ufukoni mwa Lagos ambaye huwashika wafuasi wake kwa kuwanyima kile wanachokitaka. Chume anaomba ruhusa ya kumpiga mkewe mkorofi, na nabii anamkataza kila siku. Mpaka siku ile anapogundua kwamba mke huyo ndiye anayemdai deni, ndipo ruhusa inapatikana. Sijui njia fupi kuliko hiyo ya kumvua mtu joho la unabii, tena pasina mhusika yeyote kusimama na kuhubiri. Kadhalika Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapwa mwaka 2006, inaanzia katika msiba wa binti aitwaye Furaha aliyekufa kwa UKIMWI akaacha waraka wenye orodha, na wanaume kadhaa wa kijiji, mwenye kanzu ya dini akiwamo, wanahangaika usiku na mchana orodha hiyo isisomwe hadharani. Yaliyomo siyasemi, kwa maana mwenye kupendekeza mchezo ana dhima ya kuilinda siri yake. Nasema tu kwamba hofu ya wanaume wale ndiyo mchezo wenyewe, na kila mtazamaji atamjua mmoja wao.

Mwenye kushuhudia hushuhudia yote, na sifa isiyokuwa na kipimo humdhuru anayesifiwa. Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation katika miaka ya 1990, ilithubutu kuyasema mbele ya wazazi na watoto mambo ambayo nyumba nyingi ziliyafungia kabatini, na kwa ujasiri huo inastahili heshima. Walakini ziko sehemu zake ambapo funzo linawatangulia wahusika, tukalisikia kabla hatujamwona mtu aliyetufikishia. Nayataja haya kwa sababu ni maradhi yetu sote, wala hayakuanza na kazi hiyo. Tumezoea kuombwa na wizara, na wafadhili, na mashirika, tuandike michezo ya kuelimisha, na kwa haraka ya kuelimisha tunasahau kwamba mtazamaji huelimika kwa kumwonea mtu huruma au kumwogopa, kisha akirudi nyumbani ndipo hujitolea funzo mwenyewe. Kikundi kitakachoicheza Kilio Chetu leo kiyape uzito mazungumzo ya vijana wenyewe, Joti na Anna, kikayapunguze mawaidha, na nguvu ya mchezo itaonekana.

Hapa nafika kwenye jinsi ya kupendekeza, kwa sababu pendekezo lisilotendeka ni maneno matupu. Mtunzi akitaka kuishuhudilia kazi ya mwenziwe kwa wachezaji, asianze na dhamira. Aanze na mambo manne anayoyataka mwenye kikundi: wachezaji ni wangapi, wanaume kwa wanawake. Mchezo unachukua muda gani. Unahitaji vifaa gani ambavyo havikosekani kijijini. Na ni sehemu gani iliyo ngumu kuliko zote, ili kikundi kijue tangu siku ya kwanza mahali pa kutumia nguvu zake. Kisha aseme kitabu chapatikana wapi, na nani aombwe ruhusa, maana haki ya mtunzi ni haki hata mahali ambapo kiingilio ni bure, na kumwandikia barua kumwarifu kwamba kazi yake itachezwa ni adabu ndogo yenye malipo makubwa moyoni mwake. Na kikundi kikishindwa kuucheza mchezo wote, kiusome kwa sauti mbele ya watu, kila mtu na sehemu yake. Usomaji wa hadhara haudai mavazi wala kukariri, nao umewahi kumfunulia mtunzi makosa yake mapema kuliko mhakiki yeyote.

Kwa walimu nina ombi mahususi. Katika muhula ambao kitabu cha tamthilia kinasomwa, tengeni saa mbili tu, muwape wanafunzi sehemu moja waicheze kwa miguu yao, ijapokuwa kwa uajizi, ijapokuwa kwa kucheka; kisha rudini kwenye dhamira na maudhui, na mtaona kwamba majibu yao yamebadilika, kwa kuwa aliyewahi kusimama mahali pa Mzee Mitomingi na kuzishika karatasi zile mkononi hahitaji kukariri sababu za ghadhabu yake. Kwa wenye redio na wenye kurekodi sauti naomba wakumbuke kwamba Jogoo Kijijini ni mali iliyoandikwa kwa sikio, na Kiswahili kina masikio mengi kutoka Lamu hadi Lubumbashi.

Na kwenu watunzi wenzangu nasema hivi: kila atakayealikwa baada yangu kunena juu ya sanaa hii, kabla hajataja kazi yake ataje moja ya mwenziwe aliye hai, aseme kwa nini inafaa kuchezwa mwaka huu na kikundi gani kinaiweza, na akitajwa yeye, asilipe sifa kwa sifa, ila aende akaitafute kazi ya mtu wa tatu ambaye hakuna anayemjua. Tukifanya hivyo kwa miaka michache tutakuwa na kitu ambacho hakuna mtunzi mmoja awezaye kujipatia kwa kalamu yake, yaani hazina ya michezo inayojulikana kwa kuchezwa, ambayo kikundi cha Kigoma na kikundi cha Malindi vyaweza kuchagua humo kwa kuaminiana. Vitabu nilivyovitaja vipo. Wachezaji wapo, nami naona baadhi yao wameketi mbele yangu. Chagueni kimoja kabla hamjatawanyika, mpange siku ya kwanza ya mazoezi, na mtuite tuje tutazame.